Ardis Kvamme na Uzio wa Maelewano

Ardis Kvamme alinipigia simu majira ya kuchipua, wakati ng'ombe wameshazaa na matope yameanza kushika, akaniuliza kama mimi ndiye yule anayenunua mifupa. Nikasema ndiye. Akaniuliza kama mimi pia ndiye niliyemuuzia baba yake giaboksi ya trekta iliyokufa kabla nyasi hazijakatwa. Nikasema hiyo nayo ni mimi, ila iliuawa na baba yake, aliyekuwa akiendesha trekta kama mtu anayefukuzwa. Akasema, "Njoo kesho. Na usije na bei mfukoni."

Nilikwenda, na bei ilikuwa mfukoni. Kabla ya mifupa niliuza vipuri vya mitumba huku mashariki ya Montana, na kazi ile ilinifundisha kwamba kitu mtu anachokukataza kwenye simu ndicho anachokuitia. Juu ya meza yake ya jikoni, juu ya gazeti, kulikuwa na pembe. Si ya ng'ombe. Ilikuwa pembe ya dinosaria wa pembe tatu, ile inayoota juu ya jicho, ndefu kama mkono wa mtu mzima kutoka begani, imegeuka jiwe lenye rangi ya chai ya maziwa.

Niliizungusha nikiitafutia kasoro, maana ndivyo biashara inavyoanza. Nikamwambia ina nyufa, ncha imeliwa na baridi, na pembe moja bila mwenziwe ni kama kiatu kimoja. Nikataja bei. Ardis ni mwanamke mrefu, wakati huo alikuwa hamsini na kitu, nyonga imekaa upande tangu farasi alipomwangukia. Aliibeba ile pembe kwa mikono miwili, akaenda kuiegemeza nyuma ya mlango, akarudi, akanimiminia kahawa.

"Mwongo wewe," akasema bila kupandisha sauti. "Hukuwa unatazama pembe. Ulikuwa unatazama pale ilipokatikia."

Kweli tupu. Mkato ule ulikuwa mpya, safi, haujashika vumbi. Maana yake kichwa chenyewe kilikuwa bado ndani ya kilima, na aliyekuwa na kichwa hakuwa na haja ya kuniuzia pembe.

Basi tukakaa kupatana. Aliniwekea mikate myembamba ya viazi yenye siagi na sukari, ile ambayo watu wa asili ya Norwei huku wanawapa wageni hata wasiowapenda. Sharti lake lilikuwa kwamba mimi nilete plasta, gundi na ujuzi; yeye achimbe, kwenye kilima chake, kwa mikono yake; mahali penyewe nisimtajie mtu; na siku ya kuuza, mimi ndiye niuze, nichukue theluthi. Nikaomba nusu. Akaniuliza nusu gani ya kilima nilizaliwa juu yake. Nikakubali theluthi.

Akaongeza jambo moja. Popote kichwa kitakapowekwa, kibao cha chini kiandikwe jina lake. "Ardis Kvamme," akasema. "Si jina la baba, si la ranchi. Langu." Nikamwambia wanunuzi huandika wanachopenda. Akasema basi kazi yangu ni kumtafuta anayependa hilo. Tukapeana mikono juu ya vikombe. Huku mkishapeana mkono, kuomba karatasi ni kumwita mwenzio mwizi usoni. Sikuomba, ingawa vidole vilikuwa vinaniwasha.

Lile jambo la jina nililielewa baadaye, nilipoanza kufahamu maisha yake. Mzee Sigurd Kvamme alikuwa na watoto watatu. Wavulana wawili walikwenda mijini mara tu walipojua kuendesha gari, na walikuwa wakirudi Krismasi kula na kutoa ushauri. Ardis alibaki. Alizalisha ng'ombe kwenye theluji, alikata nyasi, alimlisha Sigurd kwa kijiko mwaka wake wa mwisho. Sigurd akafa akiwa hajamwambia asante, na kila kitu kikabaki na chapa yake: ng'ombe, malango, hata ubao wa njia panda. Miaka kumi baada ya mazishi, kwenye mnada bado walikuwa wakiita, "Sasa wanaingia ng'ombe wa Sigurd," na Ardis amesimama palepale na kofia yake kichwani.

Hasira yake ilikuwa inajulikana wilaya nzima, na haikuwa ya kelele. Mwaka mmoja mnunuzi alisema mnadani, kwa mzaha tu, kwamba maksai wa Ardis ni wembamba kiasi cha kupita chini ya mlango. Watu wakacheka. Ardis akashuka, akawapakia maksai wote tena kwenye trela, akawarudisha nyumbani kwenye dhoruba ya theluji, akawalisha majira yote ya baridi kwa hasara. Alipowaleta tena walikuwa wanene kama mapipa, na yule mnunuzi alipoinua mkono, Ardis akamwambia mnadi kwamba pesa ya mtu yule haitaki. Mimi nilikuwepo. Nilijiambia, huyu mwanamke ukifanya naye biashara, uhakikishe uko upande wake wa meza.

Kilima chenyewe kilikuwa mwisho wa malisho yake ya kaskazini, pale ardhi inapochanika kuwa makorongo ya udongo wa kijivu usioota kitu. Udongo ule ukikauka ni saruji. Ukinyeshewa unakuwa gundi, unang'ang'ania buti mpaka unatembea kama umevaa ndoo. Tulichimba kiangazi cha kwanza, tukafunika, tukarudi cha pili. Nilimwonyesha mara moja namna ya kuzunguka mfupa badala ya kuufuata, namna ya kuunywesha gundi kabla haujasikia upepo, namna ya kuuvika karatasi zilizolowa, kisha magunia yaliyochovywa kwenye plasta. Magunia yalikuwa yake, ya chakula cha ng'ombe.

Nisiseme alikuwa na mkono wa ajabu. Alikuwa na mkono mzito. Ncha ya pembe ya pili aliivunja kwa sururu kwa sababu ya haraka, akaitupa sururu ile korongoni, akakaa chini na mgongo wake kwangu mpaka jua likageuka. Ila alikuwa haachi. Mvua ya mawe ikitupiga, mimi nakimbilia pikapu, yeye analala juu ya turubai ili lisipeperuke. Nilipomwambia kwamba mnyama huyu amengoja miaka milioni sitini na kitu, anaweza kungoja nusu saa, akaniambia yeye hawezi.

"Sigurd alipita juu ya hiki kichwa maisha yake yote," alisema siku ile ngao ya mfupa ya nyuma ya kichwa ilipotokea nzima, pana kama mlango wa ghala. "Alipita na farasi, alipita na trekta. Hakukiona. Hiki sikukirithi kwa mtu."

Hapo ndipo Merle Tinsley alipoingia. Merle ni jirani yake wa kaskazini, mtu mnene, mcheshi, anayegawa hadithi kwa urahisi kama wengine wanavyogawa sigara. Walikua pamoja, wakapanda basi moja la shule, na kila majira ya kuchipua alikuja kumsaidia Ardis kupiga chapa ndama, na Ardis akaenda kwake. Alikuwa akija kilimani na kipikipiki chake cha magurudumu manne, anakula mkate wetu, anatutania. Mimi aliniita mpambe wa maiti. Ardis akaitwa mchumba wa mjusi.

Siku ya kukigeuza kichwa, kikiwa ndani ya plasta na uzito wake unapita madume mawili, trekta la Ardis lilishindwa kukiinua. Merle akaleta lake. Alikiinua taratibu, kwa ustadi kabisa, akakilaza juu ya gogo la kuburuzia mizigo bila hata ufa. Alishuka, akamshika Ardis mkono, akasema, "Hongera jirani." Kisha akauliza kitu kama hiki kinaweza kufika kiasi gani. Nilianza kukohoa. Huwa nina kikohozi cha namna hiyo. Ardis, kwa kujivuna, akamwambia.

Nilimwona Merle akipiga mluzi mdogo, akitazama kilima, halafu akitazama uzio.

Hapa lazima niueleze uzio. Mpaka wa kweli kati ya Kvamme na Tinsley unakwenda mstari mmoja ulionyooka, kama ulivyochorwa mjini na watu ambao hawakushuka garini. Unakata makorongo, unapanda miamba, na hakuna aliyezaliwa anayeweza kuchimbia nguzo kwenye mstari ule. Kwa hiyo Sigurd na baba yake Merle, Clell Tinsley, waliweka waya pale nguzo ziliposhika. Hapa uzio unaingia kwa Tinsley, kule unaingia kwa Kvamme, na mwisho wa yote kila mtu ana nyasi zake. Huku tunauita uzio wa maelewano. Uko kila mahali. Kila mtu anajua kwamba si mpaka, na kila mtu anaishi kana kwamba ni mpaka. Kumwambia jirani twende tukaupime ni kama kumwambia avue suruali umkague.

Gogo na kichwa chake tukakiacha pale kilimani chini ya turubai, tukingoja ardhi igande. Juu ya udongo wa huku hakiburuziki kitu kizito mpaka baridi iufanye barabara. Vuli ilikuwa katikati, Ardis alipopanda kwenda kutazama turubai akakuta vijiti vyenye utepe wa waridi vimesimama kwa mstari, vinapita upande wa kusini wa kichwa. Akanipigia simu. Hakusema salamu. Alisema, "Panda huku."

Nilipofika, Merle alikuwa ameshafika, ameegemea kipikipiki chake. Hakuwa na mzaha siku hiyo.

"Ardis, mimi sina neno na wewe," akaanza.

"Basi hilo neno limefikaje hapa?"

Akasema amempeleka mpima ardhi kwa sababu ya mambo ya mkopo benki, na mpima ndivyo alivyoona: bikoni ya zamani iko kule, nyingine kule, na kichwa kiko ndani ya ardhi ya Tinsley, si kwa hatua moja mbili bali kwa umbali wa kutupa jiwe. Alikuwa akiongea akitazama kofia yake.

"Ng'ombe wangu wamelala hapa tangu wewe na mimi tuna meno ya utoto," Ardis akasema.

"Nyasi ni nyasi. Hiki si nyasi."

"Ulikiinua na trekta lako mwenyewe. Ukaniambia hongera."

"Siku ile sikujua."

"Ulijua. Ulikuwa unangoja nimalize kuchimba."

Merle akaigeuza kofia mkononi. Mimi nimeshapatana na wezi wa magari, na mabenki, na mjane mmoja aliyeniuzia mashine ileile mara mbili, lakini kungoja kule kulinichoma. Angesema mapema kiangazi cha kwanza, tungegawana kazi na faida. Alikaa pale anakula mkate wetu huku mwanamke mwenye nyonga mbovu anamchimbia. Niliona damu imempanda Ardis shingoni, lakini aligeuka tu akateremka kwenda kwenye gari, akatuacha sisi wawili tumesimama kama nguzo.

Tukaenda kwa wakili mjini. Wakili akasema uzio wa maelewano haubadilishi mpaka, hata ukikaa mpaka waya uoze, kwa sababu maelewano yenyewe ndiyo ushahidi kwamba wote walijua mpaka uko kwingine. Kazi yote ya Ardis ya viangazi viwili ilikuwa kazi kwenye shamba la mtu. Anaweza kushitaki, akasema, na yeye wakili atafurahi kulipwa, ila ashitaki akijua atashindwa.

Mimi si mtu wa kulia juu ya mfupa. Nilikwenda kwa Merle peke yangu, nikakaa naye ghalani, nikamweleza ukweli wa soko: kwamba kichwa kisicho na mtu anayejua kukisafisha ni jiwe tu, kwamba wanunuzi wazuri wananijua mimi, kwamba kesi ikinukia hakuna atakayegusa. Nikamkamua mpaka akakubali nusu kwa nusu na Ardis, theluthi yangu itoke juu kabla ya kugawa, na kibao kiandikwe jina la Ardis peke yake. Kwa mtu aliyekuwa na sheria yote mfukoni, hayo yalikuwa mapatano makubwa. Niliendesha gari kurudi nikijisifu.

Ardis alinisikiliza amesimama, sahani mkononi.

"Unaniuzia kitu changu," akasema.

Nikamwambia sheria haisemi ni chake. Akasema hakuniuliza sheria. Akasema angekuwa amekuja kuomba, angempa. Angempa hata zaidi ya nusu, maana ni Merle. Lakini amekuja na vijiti. Halafu akaniambia mimi ni kunguru, wale weusi na weupe wanaotua mgongoni mwa ng'ombe mwenye kidonda cha chapa, wanadonoa palepale panapouma. Nimeitwa mabaya zaidi na watu wenye akili ndogo zaidi, lakini nilikasirika. Nilikuwa nimemletea nusu ya kitu alichokwisha kukipoteza chote.

Nilidhani angeshitaki. Hakushitaki. Alimpigia simu mpima ardhi, yuleyule aliyeajiriwa na Merle, akamwambia bwana, umepima kipande tu. Hebu endelea na mstari wako mpaka mwisho, gharama ni yangu. Yule bwana akaendelea. Vijiti vya utepe wa waridi vikateremka kilimani, vikavuka makorongo, vikaenda mashariki mpaka kwenye lambo la Tinsley, vikapita upande wa kaskazini wa lambo. Lambo lote, tuta na maji na njia ya ng'ombe, lilikuwa ndani ya ardhi ya Kvamme.

Si kwamba Ardis aligundua siri. Wote walijua. Clell ndiye aliyelichimba, na Sigurd alimsaidia kwa trekta lake, kwa sababu pale ndipo korongo linapobana na maji yanapokaa. Ndiyo maana upande wa kilima uzio ulisogea kumpa Sigurd nyasi. Ilikuwa fidia ya lambo. Merle alikuwa ameisahau nusu ile ya maelewano, au alidhani Ardis hataikumbuka. Na malisho yote ya kaskazini ya Merle hayana maji mengine.

Merle akaja mwenyewe. Mimi nilikuwepo jikoni, nilikuwa nimerudi kumshawishi Ardis juu ya ile nusu, nikiwa na maneno mapya. Merle alivua kofia, hakukaribishwa kukaa, akabaki mlangoni. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Ardis, tuache kama ilivyokuwa," akasema. "Uzio ubaki pale walipouweka wazee. Kichwa ni chako, chote. Nitakuletea mpaka uani kwa trekta langu. Mimi niachie lambo tu."

Nikavuta pumzi. Hapo palikuwa na kila kitu: kichwa, jina, theluthi yangu, na ujirani wao umeshonwa tena, hata kama mshono unaonekana. Hakuna mpatanishi angeleta zaidi ya hayo. Nilitaka kumwinua Ardis mkono nimpe Merle kwa nguvu.

Ardis alikuwa anakausha kikombe. Alikikausha mpaka kikawa kikavu, akaendelea kukikausha.

"Baba yako na baba yangu walielewana," akasema. "Sisi tumepima."

"Ardis, ng'ombe wangu wanywe wapi?"

"Nyasi ni nyasi, Merle. Hayo si nyasi."

Alipoondoka nikamwambia Ardis kila kitu nilichokuwa nacho. Nikamwambia ameshinda, na sasa anatupa ushindi mtaroni ili mwenzie aloe. Nikamwambia kichwa kile ndicho kitu pekee duniani kisicho na chapa ya Sigurd, yeye mwenyewe alisema, na ameletewa mlangoni. Nikamwambia ana maji ya kutosha, lambo lile hana hata ng'ombe wa kulinywa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia kwamba akipokea kitu chake kama zawadi kutoka kwa mtu aliyempokonya, kuanzia siku hiyo kinakuwa kitu alichopewa. Kitakuwa kichwa cha Merle kilichokaa kwake. Kila akikitazama atamwona yule mtu kwenye kipikipiki, anakula mkate, anangoja.

"Mimi nimeishi na vitu vya mtu mwingine miaka yote," akasema. "Sitaki kingine."

Mpaka leo nikikumbuka jibu lile hasira inanipanda. Ni jibu la mtu asiyejua kuuza. Ukiwa na kitu mkononi, historia yake ni ya wapiga porojo. Wewe una kitu. Nilimwambia hivyo pia. Akaniambia kunguru anaweza kutua kwenye mgongo wowote, niende nikatue kwa Merle.

Nikaenda. Kwani ningefanya nini? Ardhi ilipoganda, Merle alikivuta kichwa mpaka ghalani kwake, na mimi nikakichukua kutoka hapo, kwa fungu dogo kuliko theluthi kwa sababu Merle naye sasa alikuwa na hasira na alitaka kumkomoa mtu. Kilisafishwa, kikapata mnunuzi mbali sana na huku, mtu binafsi, na kibao kikaandikwa Tinsley. Ile pembe ya kwanza, iliyokuwa nyuma ya mlango wa Ardis, mnunuzi aliitaka, maana kichwa bila pembe ile kilikuwa kimepofuka upande mmoja. Nilimpigia Ardis. Nilitaja bei ya kweli safari hii. Alisema aliirudisha kilimani, upande wa Merle wa vijiti, jioni ya siku ileile aliyotuacha tumesimama kule. Kama hatukuiona tumeipita juu yake. Tulikwenda kutafuta, mimi na Merle, kwenye theluji, kwa sururu na matusi. Hatukuipata. Tukamtengenezea mnunuzi pembe ya plasta, na bei ikashuka ipasavyo.

Pesa ile Merle aliichimbia kisima kwenye malisho ya kaskazini. Maji yakatoka, yana magadi kiasi kwamba ng'ombe wanayanusa na kuondoka. Sasa anaswaga mifugo yake kutoka malisho yale katikati ya kiangazi, wakati nyasi bado zimesimama, na anakodi malisho kwa mtu mwingine. Amepungua mwili. Hadithi anazo bado, lakini anazisimulia kwa haraka.

Ardis alijenga uzio mpya juu ya mstari wa vijiti. Fundi alimwuliza lango aliweke wapi, akasema hakuna lango. Lambo ni lake, limejaa bata. Siku ya kupiga chapa ndama anaajiri vijana wa kulipwa kutoka mjini, wanaofunga kamba vibaya na kuondoka saa ya chakula. Nimesikia kwamba bado anachimba, safari hii ndani kabisa ya ardhi yake, ambako hakuna kijiti kinachoweza kumfikia, na kwamba amepata mbavu na kipande cha ngao. Mbavu hazina bei. Ngao ina bei, ikiwa nzima. Sijui kama ni nzima, kwa sababu anamwuzia mtu mwingine, mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa pili wa mto, kijana ambaye hajui hata kuchanganya plasta. Mimi nilipata fungu langu kwa Merle, nikalipa madeni ya plasta, nikabadilisha tairi za pikapu. Kilima kingine kama kile sijaonyeshwa tena na mtu yeyote wa wilaya hii. Habari husambaa.

Uzio ule mpya wazee walikuwa sahihi kutoujenga. Kila theluji ikiyeyuka, maji yanashuka makorongoni yanang'oa nguzo na kukunja waya kama uzi. Sheria ya huku inasema uzio wa mpaka kila jirani atengeneze nusu yake, na desturi inasema msimame katikati mkitazamana, kila mtu achukue nusu iliyo mkono wake wa kulia. Kwa hiyo kila mwaka, matope yakianza kushika, Ardis na Merle wanakwenda katikati ya mstari ule, wanasimama uso kwa uso, waya uliokatika uko chini kati yao. Hawasalimiani. Kisha kila mmoja anageuka kulia kwake, na wanaanza kupigilia misumari, wakiachana zaidi kwa kila nguzo.